Vikombe Viwili vya Asali: Tunamuaga Mama Awuor

Jumanne tarehe 30 Septemba, Mama Rosebella Awuor anavua aproni baada ya miaka ishirini na saba katika jiko letu la keki hapa Barabara ya Luthuli. Kwa kawaida tukimuaga mtu huwa tunacheka. Safari hii kicheko ni haba, mtuwie radhi, kwa sababu tunamuaga mmoja na mwenzake tulishamzika.

Alikuja kuosha masufuria. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshika mwiko, na hatukujua vizuri ni lini alishika jiko zima. Wapishi wengi wamepita mikononi mwake, na karibu wote walilia siku ya kwanza. Aliyelia alipewa chai na mkate wa moto, kisha akakemewa tena. Keki zake zimekatwa kwenye harusi za matajiri wa Lavington na bathdei za Kileleshwa, huku yeye mwenyewe akirudi kila jioni kwenye nyumba yake ya kupanga kule Mutuini.

Lakini keki ya asali hakuwahi kuipika peke yake. Aliipika na marehemu Mutinda, mtunza stoo wetu, aliyeleta asali kutoka kwao Kitui. Awuor alifunzwa kupima kwa kikombe. Mutinda aliamini mzani tu, akidai asali hung'ang'ania kikombe na kumwibia mpishi. Waligombana mpaka tukawazoea kama redio. Mwishowe wakaelewana: Awuor anaita vikombe akiwa kwenye meza ya unga, Mutinda anapima gramu huko stoo na kuleta bakuli. Kikombe cha Awuor kikabaki cha maji na maziwa.

Mutinda alitutoka Aprili, mvua ikinyesha. Awuor akachukua mzani wake, akaupangusa, akauweka mezani pake, na tangu siku hiyo akaapa kupima asali kama alivyopenda marehemu. Kikombe cha maji kina gramu mia mbili hamsini, naye akahesabu asali vivyo hivyo: vikombe viwili, nusu kilo. Keki ikatoka kavu, imepauka. Wateja wakaanza kuipita. Sisi tulidhani ni majonzi. Yeye alidhani mikono yake imekwisha. Meneja wetu, Bwana Kibe, alipotaka kuiondoa keki hiyo dukani, Mama alimsihi angoje hadi astaafu, asiondoke akiwa ameizika. Ilituuma. Hatukuwa tumewahi kumsikia akimsihi mtu.

Mwanzoni mwa mwezi huu alichoka. Akajaza asali kwenye kikombe chenyewe na, kwa ubishi tu, akakipandisha juu ya mzani. Alipoondoa uzito wa kikombe, ilibaki gramu mia tatu hamsini. Asali ni nzito kuliko maji. Kila alipoita vikombe viwili, Mutinda alikuwa akimpimia gramu mia saba, bila kelele wala maelezo. Awuor aliketi juu ya gunia la unga akalia.

"Kumbe huyu mzee amekuwa akinibeba hii miaka yote," alisema, "na mimi namwita mbishi!"

Keki imerudi kuwa laini, na wateja wamerudi nayo. Mikono haikuwa na kosa lolote. Ila wa kushukuriwa hayupo, na Mama anaondoka na deni hilo moyoni. Hatutamdanganya kwamba litaisha.

Juzi, kwa mazoea, aligeukia stoo akaita, "Vikombe viwili!" Hapo hapo akashika mdomo. Ndipo Nyawira, anayeshika stoo sasa, akajibu, "Mia saba, mama. Inakuja." Awuor aliinama, akaendelea kuchekecha unga, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Asante, Mama, kwa mkate, kwa chai, na kwa makemeo pia. Nenda kwenu Ugenya salama, Mungu akupe pumziko refu na afya tele. Na siku ukilikumbuka jiko, ita tu vikombe. Tutakujibu kwa gramu.