Mgomba wa Projest wa Ihembe

Wasikilizaji wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Leo tunamkumbuka Projest, mkulima wa ndizi na kahawa wa Ihembe, Karagwe. Amefariki Jumapili, akiwa na miaka thelathini na tisa. Ugonjwa ni UKIMWI. Nautaja kwa sababu mwenyewe aliagiza utajwe. "Msiseme malaria," alimwambia mkewe, Kemigisha. "Mkisema malaria, mdogo wangu atakurithi."

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kwetu mume akifa, mdogo wake humrithi mjane. Na mdogo wake, Rwegasira, alikuwa anasubiri.

Projest alikwenda vitani mwaka sabini na nane, akarudi mzima. Miaka mingi alipalilia kibanja chake cha migomba bila hata homa. Ndipo ukaja mkanda wa jeshi, malengelenge ubavuni. Kisha kifua kikuu. Kisha utando mweupe mdomoni.

Muuguzi Adelgunda aliwaeleza mume na mke taratibu. Damuni mna chembe nyeupe, walinzi wetu. Kati yao wapo wapiga yowe, wanaowaita wenzao adui akiingia. Kirusi hiki humwingia huyo huyo mpiga yowe, na humo ndani huzaana. Mwili hutengeneza wapya, nao huingiwa. Miaka inapita, mtu ananenepa tu. Mwishoni waliobaki wamechoka, na kikohozi kidogo hakina wa kukizuia.

Projest alimweleza mdogo wake hayo yote. Rwegasira akacheka.

"Kaka, shemeji ana mashavu hayo! Ugonjwa kauficha wapi? Au wivu umekuanza kabla hatujakuzika?"

Projest hakucheka. "Nishike mkono. Twende kibanjani."

Walikwenda polepole. Akamwonyesha mgomba mmoja, majani mapana, kijani kabisa, mkungu unaanza kujaa.

"Huu unauonaje?"

"Mzima. Huu ndio wa pombe ya harusi yangu."

"Usukume."

Rwegasira aliusukuma kwa mkono mmoja. Ukaanguka na mkungu wake. Kitako chote kilikuwa mashimo, fukusi wanatambaa.

"Majani yalikuambia?" Projest akauliza. Kemigisha aliona na kusikia yote toka jikoni, maana migomba inaizunguka nyumba, na ndiye aliyenisimulia.

Siku ya mazishi mzee wa ukoo aliuliza, mjane anarithiwa na nani. Rwegasira akasimama.

"Watoto wa kaka nitawalea. Kahawa nitachuma. Mlangoni kwa shemeji nitaishia kupiga hodi."

"Mwoga huyu!" akasema mmoja.

"Ndiyo, baba. Naogopa."

Wasikilizaji wapendwa, Projest alilolitaka amelipata. Lakini hofu haikuzikwa naye. Kila asubuhi Kemigisha anachukua kioo, anatazama ulimi. Anapapasa shingo, kama kuna tezi. Mjane mwenzangu huyu amekubali niwaambie: ametoa damu ipimwe. Majibu ni Jumatano.

Tunawapa pole Kemigisha, Rwegasira, watoto na ukoo mzima. Mungu ampokee Projest. Na wewe unayeniambia fulani ni mzima kwa kuwa amenenepa, wewe unayejiandaa kurithi au kurithiwa, kaa ufikiri kwanza. Kamuulize muuguzi.

Jumatano saa nne asubuhi, popote ulipo, sema Salamu Maria moja. Mimi nitakuwa benchi la zahanati, nimemshika Kemigisha mkono.