Bernardo Ndikuriyo, Fundi Aliyeizima Kibodi Yake Mwenyewe

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Mzee Bernardo Ndikuriyo, fundi mkuu wa mitambo wa Umande FM hapa Ngara mjini, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne. Mhariri wa jarida letu aliponiomba mimi, mwandishi wa habari wa redio hii, niandike wasifu wake, nilikwenda kwanza kumwomba ruhusa mwenyewe. Nilimkuta juu ya ngazi anakaza waya wa antena.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwanaharusi. Andika, lakini usiandike kwamba nilikuwa mtaalamu," alisema bila kugeuka. "Ukiandika hivyo watanifuata mpaka shambani na simu zao mbovu. Andika makosa. Yangu ni mengi, na yanachekesha."

Basi nimetii.

Mzee Bernardo alizaliwa Kabanga, katika familia ya Kikatoliki ya wakulima wa kahawa na migomba. Kazi yake ya kwanza ya ufundi ilikuwa kutengeneza kipaza sauti cha kigango chao. Alikitengeneza kikapona, ila sauti ya padri ikawa inasikika vizuri sana nje ya kanisa, na ndani hakuna aliyesikia kitu. Anasema mahudhurio ya nje yaliongezeka.

Baada ya kusomea elektroniki Mwanza, alirudi nyumbani na kuomba kazi kwetu. Wengi hawajui kwamba aliomba kazi ya utangazaji. Kwenye usaili alipewa habari ya kilimo, akasoma kwamba wakulima "wamerima" ekari nyingi za "marimao". Mkurugenzi wa wakati ule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole kama ana ujuzi mwingine wowote. Ndivyo tulivyompata fundi.

Siku ya kwanza ya kujaribu mtambo, mkewe, Mama Consolatha, alimletea chakula cha mchana. Wakaanza kubishana juu ya mbuzi aliyekula maharage ya jirani, mbuzi ambaye Mzee Bernardo alikuwa ameapa mbele ya jirani huyo kwamba si wake. Hakujua kwamba kipaza sauti kiko hewani. Wilaya nzima ikajua mbuzi ni wa nani, na jirani alifika kabla ya jioni.

Lakini kisa ambacho kila anayeajiriwa hapa lazima asimuliwe ni cha masika ya mwaka 2021.

Radi ilipiga mlima ilipo studio yetu na kuunguza kompyuta ya studio. Wakati huo kila sauti iliyotoka kwetu ilipita ndani ya kompyuta hiyo: muziki, matangazo ya biashara, hata maneno ya mtangazaji. Mfumo huo aliusuka Mzee Bernardo mwenyewe, akausifu sana. Asubuhi ile redio ikawa kimya. Tukachukua kompyuta ya mhasibu wetu, Iteka, ambaye aliitoa kwa uso wa mtu anayetoa figo. Mzee Bernardo akaweka humo mfumo endeshi wetu, lakini mfumo ukawa hauitambui kadi ya sauti.

"Hili ni jambo la kiini," alitutangazia.

Kiini, kwa sisi tusiojua, ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayozungumza na vifaa vyote vya kompyuta. Mtu akitaka anaweza kukijenga upya na kukichagulia vifaa vya kuvitambua. Kazi hiyo hufanyika kwenye menyu, na menyu yenyewe ina menyu ndani yake, na humo ndani mna nyingine. Unatembea kwa vishale. Ukibonyeza Enta unazama zaidi, ukibonyeza Esc mara mbili unarudi juu. Kila kifaa kina herufi yake: Y ukitaka kiwe ndani ya kiini, M ukitaka kikae pembeni kiitwe kikihitajika, N ukitaka kiachwe kabisa.

Mzee Bernardo aliingia humo na kikombe cha chai. Angeweza kutafuta kadi ya sauti, akaiwekea alama, akatoka. Yeye akaona menyu ile ina uchafu mwingi, akaamua kufanya usafi. Tulimsikia akinung'unika kwa raha: "Hiki cha nini? N. Redio za baharini? Sisi na bahari wapi na wapi? N." Leonsia, fundi wake msaidizi, alimwuliza kama ni busara kuondoa vitu asivyovijua.

"Mwanangu, kiini chepesi ni kiini chenye mbio," alijibu. "USB nayo ya nini? Hapa hatuchomeki flashi za watu." Akabonyeza N.

Akahifadhi, akaamuru kompyuta ijenge kiini kipya, na kazi hiyo ikamaliza asubuhi yote. Mchana akaiwasha upya mbele yetu sote, amesimama kama bwana harusi. Maandishi yakapita kwenye skrini, mfumo ukaomba jina na neno la siri. Mzee Bernardo akaandika. Hakuna kilichotokea. Akaandika tena kwa nguvu zaidi. Kibodi ilikuwa imekufa.

Bodaboda akatumwa dukani kwa Anuar kuleta kibodi mpya. Nayo ikawa imekufa. Ikaja ya pili, vilevile. Mzee Bernardo akasema bidhaa za siku hizi hazina uhai, na maneno hayo yakamfikia Anuar haraka kuliko pikipiki. Alipanda mlima mwenyewe, akachomeka kibodi zake zote mbili kwenye kompyuta ndogo aliyokuja nayo, na zikaandika vizuri kabisa.

"Mzee wangu," alisema Anuar, "kibodi zangu ni nzima. Hiyo mashine yako ndiyo haitaki kuambiwa kitu."

Mzee Bernardo aliutazama waya wa kibodi, akaufuata kwa macho mpaka unapochomekwa. Tundu la USB. Nilimwona akifumba macho. Leonsia alikuwa amekwisha kuelewa, lakini kwa adabu alitazama dirishani.

Hapo ndipo simu ya ofisi ilipolia. Alikuwa Limi, afisa mtendaji kutoka Nyamigogo, anahema.

"Daraja limeondoka na maji," alisema. "Nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Upande wangu nimezuia watu, upande wa Kaniha, ng'ambo ya mto, siwezi kufika, na mnara wao wa simu umezimika tangu jana. Malori ya mnadani yako njiani. Ule mteremko unajua ulivyo, dereva halioni daraja mpaka ameshalifikia. Tangazeni sasa hivi. Madereva wote wanawasikiliza ninyi."

Nilimjibu kwamba tutatangaza, kisha nikakata simu na kukumbuka kwamba hatuna redio. Nikakumbuka na jambo la pili. Shangazi yangu Swabaha huuza khanga mnadani, na siku mbili kabla alikuwa ameniambia atapanda lori la kutoka Kaniha. Nilimpigia. Hapatikani. Nikapiga tena na tena, kana kwamba simu ingenionea huruma.

"Mzee," nilisema, "shangazi yumo."

Mzee Bernardo alikuwa amekwisha kuizima na kuiwasha ile kompyuta, akachagua kiini cha zamani kwenye orodha ya mwanzo, ambayo hutokea kabla kiini hakijaamka. Kibodi ikafufuka. Akarudi kwenye menyu kurekebisha alichoharibu. Akazama kwenye vifaa, akajikuta kwenye mitandao, akabonyeza Esc mara nyingi mno, akatupwa nje kabisa. Akaingia tena.

"Mzee, hata ukiipata hiyo USB, itabidi kiini kijengwe tena," alisema Leonsia. "Tutafika jioni."

Vidole vya Mzee vikasimama. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, kwa hofu niliyokuwa nayo, nilidhani ni kuchanganyikiwa: akaiacha kompyuta na kukimbilia jikoni.

Jikoni kwetu kulikuwa na meza ya kuchanganyia sauti, mikisa ya zamani, aliyoistaafisha yeye mwenyewe alipoleta mfumo wake wa kompyuta. Tulikuwa tunaiwekea chupa ya chai. Aliibeba na vumbi lake na madoa yake ya sukari, akachomoa waya wa kipaza sauti kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye mikisa, na mikisa akaiunganisha moja kwa moja na mtambo wa kurushia matangazo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji.

"Sauti ya mtu haihitaji kiini," alisema, akiwa amekasirika sana na nafsi yake. "Siku nzima nahangaika na menyu, na waya upo! Soma, mwanangu. Soma!"

Nilisoma. Hapakuwa na mlio wa utangulizi wala muziki. Nilisoma kwamba daraja la Nyamigogo limeondoka, kwamba magari yote yanayotoka Kaniha yasimame, na nikarudia, na nikarudia tena. Hamu yangu ya miaka mingi ya kusoma habari kwa sauti tulivu iliishia pale. Nilisikika kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani. Mzee Bernardo alishikilia waya wa mikisa kwa mkono, kwa sababu tundu lilikuwa limelegea, na hakuuachia mpaka Limi alipopiga tena.

Kutoka kilimani alikuwa ameliona lori limesimama juu ya mteremko. Dereva alifungua redio kutafuta muziki, akanikuta mimi.

Baadaye shangazi Swabaha alipopata mtandao alinipigia. Nilianza kulia kabla hajasema neno. "Umesoma vibaya sana," alisema. "Nilidhani umevamiwa. Lakini tumesikia, mwanangu. Tumesikia wote."

Jioni ile Mzee Bernardo alimwomba Anuar radhi mbele yetu, na hakutafuta maneno ya kujificha nyuma yake. "Kibodi zako ni nzima. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye kiini." Anuar alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake alikaa na Leonsia, akampa kiti cha mbele. Leonsia ndiye aliyebonyeza: USB ikarudishwa, kadi ya sauti ikatafutwa kwa jina na kupatikana, na hakuna kingine kilichoguswa. Tangu hapo Mzee amefundisha mafundi wa redio kadhaa za mkoa huu, na kila darasa alilianza kwa kusimulia usafi wake. Ni yeye aliyesisitiza kwamba kila studio iwe na njia ya pili ya kwenda hewani isiyopita kwenye kompyuta. Ni yeye pia aliyemwandikia mkurugenzi kwamba Leonsia ashike nafasi yake, kabla hata hajaulizwa.

Wiki iliyopita kompyuta mpya ya studio iliwasili. Leonsia aliifungua menyu na kuanza kushuka na vishale. Mzee Bernardo alikuwa ameketi nyuma yake. Alipofika mahali pa kuchagua, Leonsia aligeuka.

"Mzee, hapa niweke Y au M?"

Sote tulijua kwamba anajua. Mzee Bernardo naye alijua. Alisimama taratibu, akachukua kofia yake msumarini.

"Wewe unaonaje, fundi mkuu?" alisema, akatoka nje kuitazama mvua inayokuja kutoka upande wa Rusumo.

Mzee Bernardo, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Umande FM, ya shangazi yangu, na ya abiria waliokuwa naye siku ile, pokea shukrani zetu. Msalimie Mama Consolatha. Nenda ukapalilie kahawa yako kwa amani. Afya iwe yako, usingizi uwe wako, na kila asubuhi ukifungua redio utusikie.