Mwalimu Anjana na Video ya Vyungu vya Mtindi

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Dakta Duwal; Waheshimiwa wajumbe wa bodi mliokalishwa kwenye viti vyenye vitambaa; walimu wote, wa zamani na wapya; ndugu majirani wa mtaa wetu; wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa; na wewe mwenyewe Mwalimu Anjana Munankarmi, uliyevikwa mashada ya maua ya kuagwa mpaka kidevu hakionekani: nawaunganishia mikono yote miwili na kuwasalimu.

Nimefuata utaratibu, nimeanza na wakubwa. Ila kwa haki jina langu lilipaswa kutajwa la kwanza. Mimi Tirtha Bhakta Koju, muuza mtindi, niliyeiacha shule darasa la sita kwa sababu shule ilikuwa haiendi na kasi yangu, ndiye mwanzilishi wa somo la uhasibu wa menejimenti katika mji huu wa Bhaktapur. Mnacheka? Chekeni. Nisingekuwepo mimi, jengo hili leo lingekuwa ghala la viazi. Kuna mameneja wa benki kule Kathmandu ambao mpaka leo wakiniona barabarani wanateremka kwenye pikipiki. Walijifunza kwa nani? Walijifunza dukani kwangu, kwa video, bila hata kuvua viatu.

Ndugu wageni waalikwa, wengi wenu hamkuwepo, kwa hiyo niwarudishe nyuma. Mwalimu Anjana alikuja hapa akiwa binti mdogo, katoka kusoma mbali, mkoba mzito kuliko yeye mwenyewe. Wakati huo wanafunzi walifundishwa gharama kwa kitabu kimoja kinene, na kitabu chenyewe kilihusu kiwanda cha matairi ya ndege. Nauliza, nani kati yetu alikuwa amewahi kushika tairi la ndege? Walikuwa wanalala. Nilikuwa nikipita dirishani na maziwa nasikia wanavyokoroma, na wenzao wa mstari wa mbele wakikoroma kwa heshima.

Asubuhi moja akaingia dukani, akachukua chungu cha mtindi, akakigeuzageuza mkononi kama anatafuta ufa.

"Kaka," akasema, "chungu hiki kinawagharimu kiasi gani kukitengeneza?"

"Rupia ishirini, dada yangu."

"Hiyo ni bei ya kuuza. Mimi nauliza gharama."

Nikakohoa. Mwanaume akikosa jibu hukohoa. Nikamwambia kwamba gharama ni siri ya ukoo, kwamba mfalme mmoja wa kale alimwapisha babu yangu asiitamke mbele ya mtu wa nje. Mke wangu Nanimaiya alikuwa chumba cha ndani anafunika vyungu kwa blanketi. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Mfalme gani, baba Rasmila? Babu yako aliuza viazi! Mwambie dada wa watu kwamba hujui."

"Kwani wewe unajua?"

"Sijui. Ila mimi sijamsingizia mfalme."

Hapo ndipo Mwalimu alipopata wazo lake. Na niwaambie, wazo lilikuja wakati mzuri, kwa sababu duka lilikuwa linatumaliza. Watu walipanga foleni, vyungu vidogo vilikwisha kabla ya saa sita mchana, mtaa mzima unatusifu, halafu jioni hatuna hela ya maziwa ya kesho. Nilidhani ni jicho la majirani. Nilifukiza uvumba mpaka mtindi ukaanza kunuka uvumba. Nanimaiya alikuwa ameshaanza kusema tufunge, turudi kwenye viazi.

Mwalimu akamkodi mpiga video wa harusi, kwa maana kamera nyingine mjini haikuwepo. Nilivaa koti langu la harusi, nikapaka mafuta kichwani, nikasimamia kazi yote kama mwongozaji wa filamu. Yule bwana hakuwahi kupiga kitu kisicho harusi. Alimwambia Nanimaiya ainamishe macho kwa haya. Akamuuliza wakwe wako wapi. Akataka kulizungushia sufuria la maziwa maua ya manjano, na kusema kweli yalipendeza.

"Nichemshe maziwa au niolewe tena?" Nanimaiya akamuuliza. "Chagua moja, kuni zinaisha."

Ndiyo hiyo video mnayoijua. Nanimaiya anachemsha maziwa ya nyati wetu wa kufugwa, anasema, "Usiondoke hapa. Ukigeuka tu yanakuona mjinga, yanamwagika." Anamimina kwenye vyungu vya udongo, vikubwa na vidogo, anavipanga juu ya pumba za mpunga, anavifunika kama watoto wenye homa. Na nyuma yake, ndugu zangu, lipo dirisha letu la mbao la zamani, lenye tausi aliyechongwa, na jua linaingia kwenye mkia wa tausi.

Siku ilipoonyeshwa darasani mara ya kwanza, tulialikwa mimi na mke wangu, tukakaa nyuma kabisa. Mwalimu hakuiacha iende mpaka mwisho. Ilipofika kwenye vyungu akabonyeza, picha ikasimama, mkono wa Nanimaiya umebaki hewani. Akageuka akasema, "Mama huyu ana duka linalojaa watu na mfuko usiojaa. Kitabu hakina jibu, hata mimi sina. Mwambieni afanye nini."

Jamani! Mliwahi kuona kuku waliomwagiwa mtama? Wale wale waliokuwa wanalala walisimama juu ya madawati. Huyu anasema punguza kuni, yule anasema ongeza bei, mwingine anasema mfukuze mume. Nilimwona vizuri aliyesema hivyo, leo ana duka la vipuri kule Thimi na bado hanisalimii vizuri.

Halafu akasimama kijana mwembamba, masikio kama vipini vya jagi. Alikuwa Prabin Hyoju. Ndiyo, huyo huyo, Dakta Prabin aliyekaa pale, anayeirithi leo kazi ya Mwalimu Anjana. Usijifiche, Dakta, masikio hayafichiki. Akatugeukia huku nyuma.

"Mama, vyungu mnanunua wapi?"

"Hatununui, mwanangu. Analeta mit wa huyu bwana."

Mit wangu mfinyanzi yupo hapa, mstari wa tatu. Simtaji jina, mnajua mila: mtu na ndugu yake wa kiapo hawatajani majina.

"Analeta bure?"

"Si bure wala si kununua. Yeye analeta vyungu, sisi tunapeleka mtindi, nyumba yake yote inakula."

"Mtindi mwingi?"

Nikainuka. "Wewe kijana! Mtu na mit wake hawapigiani hesabu! Huko kwenu mna undugu wa namna gani?"

"Mjomba," akasema, kwa adabu kabisa, "sijasema mmdai. Nasema mtindi mnaopeleka ndiyo bei ya vyungu. Je, chungu kidogo mnakipelekea mtindi pungufu kuliko kikubwa?"

Nikamtazama Nanimaiya. Nanimaiya akanitazama. Tulikuwa tunapeleka sawasawa, kwa chungu kidogo na kwa kikubwa, kwa sababu nani atamwambia ndugu wa kiapo kwamba kazi yake hii ni ndogo? Basi kila chungu kidogo kilitoka dukani kimebeba mtindi wa mteja na mtindi mwingine kama huo nyuma yake, umekwenda kwa mfinyanzi. Vile vidogo tulivyojivunia kwamba vinakwisha kabla ya saa sita, ndivyo vilivyokuwa vinatula. Vikubwa vilikuwa vinavilisha vidogo. Tukiuza zaidi, tunazama zaidi, na huku tunashangilia.

Mwalimu hakusema neno, alikuwa anatabasamu tu na chaki mkononi. Hicho ndicho kipaji chake, ndugu wageni: anajua kunyamaza wakati ambapo mwalimu mwingine angeanza kueleza.

Nilikataa kwenda kwa mit. Nilisema heri nife maskini. Nanimaiya akaenda mwenyewe. Na mit wangu akamjibu nini? "Nilikuwa nangoja mtauliza lini. Vile vidogo vinanivunja kiuno, gurudumu linanichosha sawa na vikubwa. Nani aliwaambia navipenda?" Miaka yote hiyo yeye anatuonea haya sisi, na sisi tunamwonea haya yeye! Tukapunguza vidogo, tukavipandisha bei kidogo, na duka likapumua. Binti yangu Rasmila amesoma kwa maziwa hayo hayo.

Kila mwaka tangu siku ile Mwalimu amenialika video inapoonyeshwa, na kila mwaka nimefundisha. Mwalimu anabonyeza, mimi naeleza. Ninyi wanafunzi mnakumbuka mlivyogombana juu ya kile kijiko cha mtindi wa baraka. Kila mtoto wa mtaa akienda kwenye mtihani, kila mtu akianza safari, hupita dukani akapata mtindi wa heri kabla ya kuondoka, halipi kitu. Mwalimu aliuliza: hiki kiandikwe wapi kwenye hesabu? Mwaka mmoja darasa likasema ni hasara. Mwaka mwingine wakasema ni matangazo. Wengine wakasema ni zawadi, na zawadi haina mstari wake. Kwenye video Nanimaiya anasikika akisema, "Hicho kiacheni, hicho si cha kuuza," na Mwalimu anabonyeza tena, anauliza, "Kama si cha kuuza, nani anakilipia?" Hajawahi kutoa jibu. Mwalimu, leo unastaafu, na hujatupa jibu!

Kisha likaja tetemeko. Sina haja ya kulisimulia, wote tulikuwepo. Nyumba ilianguka, dirisha la tausi likawa kuni. Lakini ile video ilikuwa kabatini chuoni. Mnakumbuka majirani walivyokuja hapa, siku zile tunalala kwenye mahema, wakamwomba Mwalimu aiweke? Hawakuja kujifunza gharama. Mmoja alikuja kuutazama mlango wa nyumba yake iliyoanguka, unaopita kwenye picha upande wa kulia mara moja tu. Alimwomba Mwalimu abonyeze, picha ikasimama, akakaa akiutazama mlango wake mpaka umeme ukakatika.

Na majira matatu ya baridi yaliyopita, Nanimaiya naye aliondoka duniani. Mwaka ule Mwalimu alikuja nyumbani akaniuliza kama afundishe kwa kisa kingine. Nikamwambia weka ile ile. Nikaja, nikakaa nyuma, na kiti cha pembeni mlikiacha wazi bila mtu kuwaambia. Niliona.

Sasa nafika kwenye jambo lililonipandisha hapa. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, nimesikia kwamba kesho kamati inakaa, na kwamba kuanzia muhula ujao video ya duka langu inaondolewa. Zimeletwa mpya, za makampuni makubwa ya ng'ambo, zina rangi nzuri, zina mashine zinazojiendesha. Sizikatai. Dakta Prabin, zionyeshe. Lakini wewe ulifundishwa na nini? Ungeuliza vyungu vinatoka wapi kama ungekuwa unatazama mashine? Uliuliza kwa sababu mama yako naye alikuwa na vyungu vile vile jikoni, na hakuna aliyewahi kuvinunua. Mtoto anatakiwa aanze kuhesabu kitu anachokijua, halafu ndipo aende kwenye matairi ya ndege. Naomba ibaki. Hata mara moja kwa mwaka. Usinijibu sasa, Mheshimiwa, naona wajumbe wa bodi wanakutazama.

Mwalimu Anjana, njoo karibu. Sogeza maua hayo. Unaanza safari, na mtu wa mtaa wetu haanzi safari mkavu. Nyoosha mkono wa kulia. Haya. Chungu hiki ni kidogo, na nimekilipia kwa mit bei yake yote. Ule. Tulikuwa watu wawili tunaofunga duka, ukatuuliza swali moja, na tukabaki. Mungu akupe magoti mazuri na wajukuu wasumbufu.

Namalizia. Ninyi wanafunzi kila mwaka mmeniuliza, "Mjomba, mbona wewe huonekani kwenye video?" Nami kila mwaka nimewajibu kwamba mwongozaji wa filamu hukaa nyuma ya kamera. Mtaani nimesema zaidi ya hapo. Nimesema mimi ndiye nyota.

Jamani, sikuongoza kitu. Nilikuwa nimesimama palepale na koti langu la harusi, naziba jua la dirishani. Pale anapoanza kumimina, upande wa kushoto, kinaingia kiwiko cha mtu. Nanimaiya anakisukuma bila hata kukitazama, anasema, "We baba Rasmila, toka hapo, unanitia giza." Ninyi mnacheka hapo kila mwaka, na mimi, hilo ndilo linalonileta kila mwaka.

Kile kiwiko ni changu. Kwenye video nzima ndicho hicho tu.

Nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu.