Posti Isiyo na Barabara

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa wa Baraka, Fizi na vijiji vyote vya ziwani. Leo tunamkumbuka Papa Albert Wilondja, polisi wa Ubwari, ng'ambo ya maji. Alituacha Jumanne. Alhamisi alizikwa kule kule Ubwari.

Polisi ya taifa imepangwa kama ngazi. Juu kuna mkoa, Bukavu. Chini yake kuna teritware, yaani wilaya. Kisha zinafuata ofisi ndogo. Mwisho kabisa kuna posti: chumba kimoja, meza moja, bendera. Papa Albert alikuwa kipandio hicho cha mwisho. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa.

Kazi yake kubwa ilikuwa ugomvi wa nyavu. Wavuvi wakigombana, alichukua kasia moja kila upande, akayatundika ukutani mpaka wapatane. Alisema mtumbwi wa kasia moja unazunguka tu, na mtu akichoka kuzunguka anamkumbuka jirani yake.

Siku moja ikaja karatasi ya kujaza. Iliuliza: kutoka ofisi ya juu hadi posti yako, barabara ni kilomita ngapi? Papa Albert akaandika ukweli: Hakuna barabara. Waliopanga orodha ya posti wakaelewa kwamba posti haifikiki. Orodha mpya ikatoka bila posti yake. Barua ikamwagiza afunge mlango, arudi Baraka.

Kurudi kulimfaa. Mke wake, Mama Félicité, alikuwa Baraka. Nyumba ilikuwa Baraka. Lakini posti ikifungwa, nani angetundika makasia? Binti yake, Nadège, anakumbuka jioni baba yake alipofika nyumbani Baraka na barua ile: "Papa hakula. Alisema, 'Mi ndiye nilifunga posti, kwa mukono yangu. Niliandika kweli, lakini nusu.'"

Hakukataa amri. Aliomba kitu kimoja tu: mkubwa wake, Komanda Guy, aje kufunga mlango mwenyewe.

Komanda alikuwa hajawahi kuvuka ziwa. Wimbi lilimtapisha. Kila alipouliza kama wamefika, Papa Albert alimjibu kwamba iko karibu. Mara ya tatu Komanda akasema, "Papa Albert, hii karibu yako iko ya teritware gani?" Mtumbwi mzima ukacheka, naye akacheka huku ameshika tumbo.

Walipofika, walikuta watu wa pande mbili wamekaa mbele ya posti tangu asubuhi. Wavu ulikuwa umekatwa. Mapanga yalikuwa yameletwa, lakini yalilala chini. Walikuwa wanamngoja Papa Albert. Komanda alimtazama akiwasikiliza, mmoja mmoja, mpaka makasia mawili yakapanda ukutani. Kisha akaomba karatasi mpya. Hakuuliza kilomita. Akaandika kwa mkono wake: Njia: maji. Mwendo wa saa tano.

Posti ikarudi kwenye orodha. Wasikilizaji wapendwa, ikarudi.

Alhamisi, kaburini, alisimama kijana Vainqueur akiwa na sare mpya ya polisi. Ametumwa kuchukua nafasi ya mzee. Posti iliyosahauliwa haitumiwi mtu. Hii imetumiwa.

Mama Félicité, Nadège, na ukoo wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki, kila mmoja ana orodha yake ya watu. Tuipitie leo. Tukikuta jina tulilolifuta kwa sababu hakuna barabara ya kulifikia, tuulize kwanza kama kuna maji.