Mashine Inayosema Asante

Pale kona ya Mtaa wa Sugibashi, mjini Kanazawa, Japani, pana benchi moja na mashine moja ya kuuzia kahawa ya kopo, na ukitaka ukweli, benchi lilikuja kwa ajili ya mashine. Kila asubuhi hukaa hapo Mzee Kurihara, seremala mstaafu anayeitwa Randa. Mama Otowa, fundi cherehani, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Na Chiyono, mchora katuni za televisheni, ambaye wenzake humwita Penseli. Asubuhi hiyo ya Novemba Penseli hakuwa na raha. Katuni yake ya vyombo vikuukuu vinavyoingiwa na roho ilipendwa nchi nzima, na nyota wake alikuwa mashine hiihii, kaichora na miguu ya kuku. Sasa ile ya kweli ilikuwa inaondolewa saa nne, na sehemu ya mwisho ya katuni ilitakiwa studio jioni. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: mashine inaagaje?

— Haiagi, — alisema Randa. — Chombo kinapata roho kikitimiza miaka mia. Hii ina thelathini na moja. Bado mbichi.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alijibu Redio. — Ina theluthi ya roho. Itaaga theluthi.

— Theluthi ya kuaga ndiyo nini, mama? — aliuliza Penseli, daftari magotini.

— Inakonyeza taa, basi. Halafu unawasahau mashabiki wako, binti. Wanatoka Osaka kwa treni, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili kama wako hekaluni. Kila anayeinama anaiongezea mwaka. Nimehesabu dirishani kwangu. Sasa hivi ina miaka elfu mbili na mia nne.

— Kumbe ni kubwa kuliko hekalu lenyewe.

— Ndiyo ukae vizuri mbele yake, mzee mzima.

Randa akakaa vizuri. Penseli alicheka, akafuta mstari mwingine. Alikuwa ameshafuta maneno kumi na manne ya kuaga, na yote yalinuka uongo.

— Niwaambie kitu, — Randa alisema, sauti imeshuka. — Siku niliyomzika mke wangu nilikuja hapa. Julai, jasho linanitiririka. Nikabonyeza ya baridi. Ikanipa ya moto.

— Mjazaji alichanganya makopo, mzee wangu, — alisema Penseli kwa upole.

— Nililishika lile kopo mpaka likapoa. Ndipo nikaweza kurudi nyumbani. Penye wengi hapaharibiki neno.

Methali haikuhusika hata kidogo, lakini hakuna aliyemsahihisha.

— Mimi nasema hata haiondoki, — Redio akadakia. — Televisheni yangu iko mkabala na dirisha. Miaka mitatu mashine inajitazama kwenye katuni, hadithi inaijua kuliko Penseli. Wataipakia, itaota miguu ya kuku, itarudi kwa njia ya mtoni. Iulize yenyewe mwisho wake.

— Itapita taa nyekundu? — aliuliza Randa.

— Itasimama. Mashine ya Kanazawa ina adabu.

Lori lilifika wakiwa bado wanacheka. Akashuka mama wa makamo mwenye ovaroli ya kijivu, akawainamia, akatumbukiza sarafu kabla ya kuvaa glavu. Kopo likadondoka, na mashine ikasema kwa sauti yake ya kike, yenye mkwaruzo: «Asante. Uwe na siku njema.»

— Husema hivyo kila mara? — aliuliza yule mama.

— Kila mara, — Randa alijibu kwa fahari. — Miaka thelathini na moja, haijamruka mtu.

— Na nyinyi huwa mnaijibuje?

— Hatujawahi kuijibu, — Randa alikiri.

 Huyu ndiye ambaye kila mwaka mpya huziwekea randa na misumeno yake mikate ya mchele. Redio naye kila Februari huzilaza sindano zilizovunjika ndani ya tofu laini, zipumzike baada ya kazi ngumu. Penseli hupeleka brashi zilizochakaa hekaluni zichomwe kwa shukrani. Penseli aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka.

Kahawa ilibaki moja. Randa aliinuka, akatia sarafu, akabonyeza. «Asante,» ikasema mashine. «Uwe na siku njema.»

Mzee alivua kofia, akainama mpaka mgongo ukalia.

— Asante wewe, — alisema. — Na kwa ile ya Julai.

Redio akainama, akaishukuru kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema. Penseli akafuata. Yule mama alisubiri, glavu mkononi, kisha naye akainama.

Kopo likazunguka, kila mtu funda moja, likaisha. Penseli akachana ukurasa wa maneno kumi na manne, moyo mweupe, akaandika kwenye ukurasa mpya: Mashine inasema asante. Mtaa mzima unaiitikia.