Mlango Niliofunga kwa Kamba

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Kamwene, wazee wangu mliokaa mbele. Mimi ni mke wa Yohana, yule aliyekwenda Tanga kukata mkonge. Wengi mnanijua kwa uso tu, maana nilikuwa naingia ibadani wa mwisho na kutoka wa kwanza. Leo nitawaambia kwa nini.

Yohana alipopanda lori la manamba pale Makambako, aliniachia baba yake, Mzee Mgaya. Mkwe wangu alikuwa ameanza kusahau. Alisahau majina, kisha akasahau kwamba mkewe alikwisha kufa, mwisho akasahau mimi ni nani. Mara aniite mwizi, mara anifukuze jikoni kwa fimbo. Nanyi mnaijua desturi yetu: mke wa mwana hamwogeshi mkwe wake, hata kumkazia macho ni aibu. Basi yeye alikaa na uchafu wake, mimi nikakaa na aibu yangu, katika nyumba moja. Ndugu zangu, kuishi na mtu asiyekujua ni upweke zaidi kuliko kuishi peke yako. Nilikuwa nazungumza na kuku.

Siku moja nikiwa shambani, alitoka akafuata barabara ya Makambako kumtafuta mwanawe. Dereva wa lori alimkuta kwenye ukungu, ameketi katikati ya njia, akamrudisha kwangu huku akinigombeza. Tangu siku ile, kila nilipokwenda kulima nilimfungia ndani na kuukaza mlango kwa kamba.

Nilimfungia tangu kupanda maharage mpaka kuyavuna. Mliponiuliza hapa nje, "Mzee hajambo?" nilijibu, "Hajambo, amepumzika." Nilisema uongo huo Jumapili baada ya Jumapili, kisha nikakimbia nyumbani kabla hamjauliza tena.

Asubuhi moja ya baridi kali nilirudi kuchukua jembe nililosahau. Nikasikia sauti yake nyuma ya mlango, ya chini, ya mtoto aliyechapwa: "Mama, nimekosa nini? Nifungulie, sitarudia."

Mama alikuwa ni mimi. Mtu aliyebeba mizigo ya Wajerumani vitani, mwenye wajukuu, ananiomba msamaha! Nilikaa chini pale nje na kamba mkononi, nikalia. Nilipofungua hakunitambua, akanitukana kama kawaida.

Hapo nilikata tamaa. Nilifunga nguo zangu niende kwa wazazi wangu Mlangali. Nilijua nikiondoka mzee atakufa. Sisemi nilidhani, nilijua.

Nilipita kwa Mama Rehema, mke wa mwinjilisti wetu, nimwombe awe anamchungulia. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi pamoja na mama yake mzazi, kikongwe asiyeona. Akautazama mzigo wangu, akaniuliza polepole, "Unamfungia, sivyo?"

Niliutua mzigo chini.

"Mimi huyu mama yangu nilimfunga kamba kiunoni," akasema. "Ncha ya pili nikaifunga kwenye nguzo ya nyumba. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa."

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile sikuuona wake kuwa mwepesi, wala yeye wangu. Tulipiga magoti palepale kwenye magunzi tukaomba, na nilipoinuka sikuenda Mlangali.

Jumanne iliyofuata tuliwaleta wazee wetu katika nyumba ile ya mafundisho ya ubatizo. Walikuwa wawili, sasa ni saba. Kila Jumanne tunawasha moto, tunapika uji, wao wanapukuchua maharage na kuzozana. Mzee Lazaro, wa rika lake mkwe wangu, ndiye aliyemwogesha siku ya kwanza. Nilisikia wakicheka kule nyuma wawili hao, nikashangaa, maana sikujua kwamba bado anacheka. Nilikuwa nimebeba jembe niende shambani nikiwa huru. Sikufika. Nililala kwenye majani nje ya nyumba mpaka saa saba mchana, na hakuna aliyeniamsha. Mtu fulani alinifunika kwa kaniki yake.

Sitawadanganya tena. Mungu hakumrudishia mzee akili yake. Bado naitwa mwizi. Yohana hajaandika tangu mvua za kwanza, na siku sita za juma nyumba yangu ni kimya sana. Lakini aliyefunguliwa ni mimi, na namshukuru Bwana kwa Jumanne moja tu.

Ndugu zangu, najua yupo hapa atakayetoka wa kwanza leo. Simtaji, wala simtazami. Dada yangu, Bwana anauona mlango wako na hajakuchukia. Jumanne mlete mzee wako. Kama hawezi kutembea, niambie tu nyumba ni ipi. Nitakuja, tutambeba mimi na wewe.