Ubani wa Kabureta

Baraza yetu ya Vuga, mjini Unguja, ina sheria moja tu: ukishashika kikombe cha kahawa ya Yussuf, wewe ni fundi. Jumamosi ile asubuhi mafundi wenye kusema walikuwa wawili: Hafiz Antena, mwenye kudaka habari kabla hazijatokea, na Abrahman Kizibo, mfupi, mnene, asiyekubali mazungumzo yapite bila yeye kuyaziba mahala. Mbele yao ilisimama gari ya spoti ya Kiingereza, nyekundu, ya mwaka sitini na saba, viti viwili, kabureta mbili, na Ahmada kainama ndani ya boneti jasho likimchuruzika. Gari aliiacha marehemu baba yake kwa watoto wote, na ndugu zake wamechoka nayo. Wamekata shauri: ikifika Bwejuu kwa dada yao Salhiya leo kabla ya adhuhuri, kwa nguvu zake yenyewe, Ahmada abaki nayo. Isipofika inauzwa kwa hoteli moja ya Paje, itolewe injini, ipandwe maua. Lori la hoteli lilikuwa limeshatoka huko kuja kuichukua. Na gari ilikuwa imekwenda hatua mia tu kutoka nyumbani, ikakohoa, ikatapika moshi mweusi, ikazimika.

— Nnakwambia hii husuda, — alianza Antena. — Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapa? — aliuliza Yussuf huku akimimina.

— Jicho moja halizimi gari, yakhe. Lakini Vuga nzima ikiitazama, haba na haba, mwisho inazimika.

— Husuda haitoi moshi, — alipinga Kizibo. — Hii ni petroli ya siku hizi. Gari imekuzwa kwa petroli ya kizamani, leo unainywesha uchafu huu, inasusa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Na hizo kabureta mbili je? — Antena hakukubali kushindwa. — Wake wenza hao! Mmoja kapewa zaidi, mwenzake kanuna.

— Basi mmoja aachwe. Itolewe kabureta moja, tundu lizibwe kwa gunzi.

Ahmada aliinuka ghafla, akajigonga kichwa kwenye boneti, wala hakujali.

— Haitolewi hata skrubu! Miaka thelathini baba kaiendesha Bwejuu na kurudi. Mimi niione imesimama hotelini na mawaridi ndani ya boneti, watu wanaipiga picha? Thubutu! Bora niisukume kwa kifua changu mpaka kwa Salhiya.

— Ukiisukuma haihesabiwi, — Kizibo alimkumbusha.

Kilichomuuma Ahmada ni kwamba hakuwa ameizembea. Oili anabadilisha, rangi anasugua. Na tangu yule bwana wa hoteli alipokuja kuipiga picha, kila Alhamisi aliifukiza ubani, kwa ushauri wa Antena huyu huyu. Aliiwasha, akafungua boneti, akakishika chetezo chenye makaa mbele ya machujio mawili ya hewa, ili gari ijivutie moshi yenyewe. Miezi minne. Kwamba petroli haikushika moto, hiyo ni rehema ya Mungu tu.

— Juzi ulifukiza kidogo, — alisema Antena. — Leo tuifukize kwelikweli. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Unamsingizia dada yangu?

— Mie nshataja mtu?

Ahmada hakuwa na dawa nyingine. Alitoa chetezo kwenye buti la gari, Yussuf akamgaia makaa ya chini ya dele la kahawa. Hapo ndipo mgeni aliyekuwa amekaa pembeni na kahawa yake aliposimama. Jina lake Mcha, Mtumbatu, fundi wa mashine za boti, kaja mjini kununua plagi.

— Shikamoo, mzee. Nna suali moja.

— Marahaba. Uliza, ila usiniambie niiuze.

— Gari hii inavuta pumzi wapi?

Antena alichungulia taa za mbele. Kizibo alitazama bomba la moshi, kisha madirisha, kisha kikombe chake. Ahmada alikitazama chetezo mkononi mwake, akayatazama machujio, akakitazama chetezo tena.

Alikiweka kando, mbali na gari, akachukua spana. Nyavu za waya ndani ya machujio zilikuwa nyeusi, zimegandana kwa ubani na majivu, ukipuliza upande huu pumzi haitokei upande wa pili. Na zinanukia kama nyumba ya harusi. Ahmada aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

— Nimeikaba mwenyewe, — alisema polepole.

— Haijafa, mzee. Hizi za waya zinaoshwa.

Waliziosha kwa petroli ndani ya karai la Yussuf la kuoshea vikombe, na Yussuf alinung'unika mpaka mwisho. Wakazikung'uta, wakazipaka oili kidogo ili zinase vumbi. Mcha alisugua plagi, gari ikawashwa, na kabla ya kuyarudisha machujio alichukua kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, ya pili mdomoni mwa kabureta ya kwanza, kisha ya pili, akizungusha skrubu mpaka mvumo ukawa mmoja.

— Wake wenza wamepatana? — Antena aliuliza kwa sauti ndogo.

— Wamepatana.

Machujio yalikuwa ndiyo kwanza yamefungwa pale lori lilipokata kona. Ilikuwa saa nne na nusu. Dereva alichungulia dirishani.

— Ndiyo yenyewe ya kupandia maua?

Ahmada alimkabidhi Antena chetezo, akamwambia ajifukize mwenyewe. Akaingia, akakanyaga mafuta, injini ikaitika kwa sauti safi, bila hata uzi wa moshi. Alipolifikia lori alipunguza mwendo kidogo tu.

— Kamwambie bwana wako, maua hupandwa ardhini!